Sura ya 7: Niweke Dola Ngapi Nipandishwe Chumba?

Anayelipia safari ya meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huwa na maswali matatu. Je, nitatapika? Chakula kimo ndani ya nauli? La tatu huja baadaye, barua pepe ikishaingia: "Hawa wanaoniambia nitaje bei yangu ili wanihamishie chumba kizuri zaidi ni kampuni yenyewe au ni matapeli?" Mawili ya kwanza tumeshayamaliza. Hili la tatu nimelipa sura yake, kwa sababu jibu lake fupi, kwamba ni kampuni yenyewe, huzaa swali gumu zaidi papo hapo: sasa niweke dola ngapi?

Watu wanataka namba. Ukianza maelezo wanakukatiza: "Sawa, lakini ni ngapi?" Njia ya kuipata namba hiyo nitaionyesha, tena kwa hesabu ya kuandika nyuma ya risiti. Ila kwanza ujue unanunua nini, na muuzaji anajua nini usichokijua wewe.

## Dau lenyewe likoje

Royal Caribbean wanauita mpango huu RoyalUp. Norwegian Cruise Line wanauita Upgrade Advantage, na Celebrity wanauita MoveUp. Majina ni tofauti, mtindo unafanana. Umeshalipia chumba chako. Kampuni inakufungulia ukurasa wenye aina za vyumba vilivyo juu ya chako, na chini ya kila aina kuna mstari unaousogeza kwa kidole, kuanzia kima cha chini wanachokubali hadi kima cha juu. Kando yake kuna kipimo kinachobadilika rangi kadiri unavyosogeza, kutoka nyekundu ya "dau dhaifu" kwenda kijani ya "dau imara". Unaandika namba za kadi, unathibitisha, unasubiri.

Dau ni nyongeza juu ya kile ulichokwisha kulipa. Ukiweka dola 100, unasema uko tayari kuongeza 100 ili utoke chumba ulichonacho uingie kile cha juu. Hakuna kinachokatwa mpaka dau likubaliwe, na kabla ya hapo unaweza kulibadilisha au kulifuta. Likishakubaliwa, pesa imekwenda na hairudi.

Si kila abiria anaalikwa. Wengine tiketi zao ni za kikundi, wengine aina ya nauli waliyolipa hairuhusu. Mwaliko usipokuja, ingia kwenye tovuti ya kampuni yako kwa namba ya tiketi na jina la ukoo uangalie mwenyewe. Na kama barua pepe inakutia shaka, usibonyeze kiungo kilichomo. Pitia njia hiyohiyo ya tovuti. Mwaliko wa kweli utaukuta huko.

Aliyewahi kupanda ndege za Etihad au Lufthansa huenda ameshauona mchezo huu. Mitambo ya nyuma ya pazia mara nyingi ni ya kampuni moja, Plusgrade ya Montreal, Kanada, iliyoanza mwaka 2009 ikiuzia mashirika ya ndege mfumo wa abiria kuweka dau la viti vya daraja la juu. Baadaye meli zikaufuata. Zamani vyumba vizuri vilivyobaki viliweza kugawiwa bure kwa wateja wa miaka mingi, kama shukrani. Siku hizi shukrani hiyo ina bei, na wateja wa zamani hawaachi kulalamika.

## Mnada usiosikia sauti ya mwenzako

Soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, dalali anasimama mbele ya changu na jodari waliolazwa, anataja bei, wachuuzi wanapandisha. Uzuri wa mnada ule ni kwamba unamsikia mwenzako. Akisema elfu thelathini, unajua ukitaja thelathini na moja umemzidi. Akinyamaza, unajua umefika bei, na huna sababu ya kutaja hamsini.

Kwenye meli humsikii mtu. Hujui wangapi wanakitaka chumba kilekile, hujui wamesema ngapi, hujui hata vyumba vyenyewe vimebaki vingapi au kama vimebaki. Kila mmoja ametumbukiza bahasha yake iliyofungwa, na anayezifungua ni mwenye mali. Na ukishinda, unalipa ulichoandika. Ukiandika 300 na wa pili yako kaandika 90, utalipa 300, wala hutaambiwa kwamba 95 ingetosha.

Kuna njia nyingine ya kuendesha minada ya bahasha. Mwaka 1961 mchumi William Vickrey alieleza mnada ambao mshindi ni aliyeandika bei kubwa kuliko wote, lakini analipa bei ya aliyemfuata. Katika mnada wa namna hiyo huna haja ya ujanja: unaandika thamani halisi ya kitu kwako na kulala usingizi, maana ukubwa wa namba yako haukuumizi. Kwa kazi hiyo na nyinginezo Vickrey alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi Oktoba 1996, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa.

Kampuni za meli hazikumfuata Vickrey, na sioni kwa nini zingemfuata. Kwao, woga wako ndio faida. Asiyesikia wengine huogopa kukosa, na aogopaye kukosa huzidisha. Kipimo cha rangi kimewekwa mahali panapofaa kabisa kwa kazi hiyo: rangi nyekundu inakufanya ujione bahili, kijani inakupongeza. Soma maandishi madogo chini ya kipimo uone kama yanakuahidi chumba. Hayaahidi. Kuna walioweka dau la kijani wakakosa, na kuna walioweka la nyekundu wakapandishwa.

Kwa ufupi: unashindana na watu usiowaona, unalipa namba uliyoiandika mwenyewe, na kipimo unachotazama ni cha muuzaji.

## Kwa nini wakupandishe wewe

Chumba kisichouzwa siku meli inapong'oa nanga hakina wa kukifidia. Usiku ukipita umepita. Hata hivyo usidhani meli hizi huondoka nusu tupu. Kampuni huhesabu kila chumba kuwa cha watu wawili, na wakilala watatu au wanne hesabu inavuka. Ndiyo maana taarifa za fedha za Royal Caribbean huonyesha meli zikiwa zimejaa kwa zaidi ya asilimia 100, bila abiria yeyote kulazwa kwenye ngazi.

Wanajitahidi kujaza kwa sababu nauli ni mwanzo tu wa biashara. Mwaka 2024 karibu asilimia 30 ya mapato ya kampuni hiyo yalitoka nje ya nauli: vinywaji, kamari, intaneti, ziara za nchi kavu na mengineyo. Kitanda kitupu hakinywi soda.

Sasa fuata hesabu yao. Uko chumba cha ndani, kile cha bei ya chini, na kuna chumba chenye roshani kimoja kimebaki. Wakimuuzia mtu wa nje roshani ile kwa bei ya dakika za mwisho, wanapata nauli moja. Wakikuhamishia wewe, wanachukua dau lako, halafu chumba chako cha ndani, ambacho ni rahisi na kinauzika upesi, wanamuuzia mstaafu wa Florida anayeishi saa moja kutoka bandarini na sanduku lake liko tayari muda wote. Vitanda vimejaa, na pesa zimeingia mara mbili.

Kwa hiyo mbele ya meza yao dau lako halipimwi kwa dola peke yake. Wanatazama pia chumba unachokiacha: je, kina mnunuzi? Kama safari hiyo vyumba vya ndani vimejaa tele na hakuna anayevitaka, kukuhamisha kunawaachia pengo lingine. Wiki inayofuata, kwenye meli ileile na kwa dau lilelile, huenda ukapita bila shida. Ndiyo sababu siwaamini wenye kanuni za "ongeza asilimia fulani juu ya kima cha chini, utapata". Kanuni hizo zimejengwa juu ya safari moja ya mtu mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo halihusiani kabisa na pesa, na wenye watoto wengi hulikosa. Kila abiria amepangiwa kituo cha kukusanyika wakati wa dharura, na kila kituo kina kikomo cha watu kulingana na boti za kuokolea zilizo hapo. Familia ya watu wanne haiwezi kuhamishiwa chumba cha vitanda viwili. Hilo liko wazi. Lakini hata chumba chenye vitanda vinne kikiwepo, kituo cha dharura cha upande ule kikiwa kimejaa, hawahamishwi. Mume na mke wenye dau dogo watawapita, na familia itabaki ikijiuliza ilikosea wapi.

## Vyumba, na vile ambavyo wengine wamevikwepa

Ngazi za vyumba ni nne. Chini kabisa ni chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Juu yake kuna chumba chenye dirisha lisilofunguka. Kisha chenye roshani, yaani mlango wa kioo na kijibaraza cha kukaa watu wawili na meza ndogo. Juu kuna vyumba vya kifahari, ambavyo Waingereza huviita suite, vingi vikiwa na sehemu ya kukaa iliyotengwa na ya kulala, na mara nyingi na haki ambazo abiria wengine hawana.

Kwenye meli kubwa za Royal Caribbean za kundi la Oasis, chumba cha ndani ni kama mita za mraba 14 na chenye roshani ni kama 17, ukiongeza roshani yenyewe kama mita 5. Nafasi ya ndani unayoinunua, basi, ni ndogo kuliko picha zinavyoonyesha. Unanunua mwanga na hewa. Na giza la chumba cha ndani lina wapenzi wake: mtu wa zamu za usiku, mama mwenye mtoto mchanga, au yeyote asiyetaka jua limwamshe saa kumi na mbili yuko likizo.

Hata hiyo roshani, uliza inatazama wapi. Kwenye meli hizohizo za Oasis kuna roshani zinazotazama ndani ya meli, juu ya bustani inayoitwa Central Park au juu ya uwanja wa michezo unaoitwa Boardwalk. Katika orodha ya bei zinaweza kukaa juu ya chumba chenye dirisha la baharini, na mwenye dirisha akishinda dau huweza kujikuta amelipa ili aache kuiona bahari. Anaamka, anafungua pazia kwa mbwembwe, anakutana na jirani wa ng'ambo akipiga mswaki. Wapo wanaoipenda bustani ile, hasa jioni taa zikiwaka. Mimi simo.

La msingi hapa ni hili: ukiweka dau huchagui namba ya chumba. Unachagua aina tu, na kampuni ndiyo inayokupa namba. Fikiria ni vyumba gani vimebaki mpaka wiki ya mwisho. Waliolipa bei kamili walichagua mapema, wakachukua vya katikati ya meli, sitaha za chini na za kati, ambako mawimbi hayasikiki sana. Vilivyosalia ni vya mbele kabisa kwenye omo, ambako meli inapanda na kushuka. Au vya nyuma kwenye tezi, karibu na mtetemo wa mitambo. Au vilivyo chini ya sitaha ya bwawa, ambako wafanyakazi huburuta viti alfajiri wakivipanga kabla ya abiria kuamka. Au juu ya ukumbi wa muziki. Vingine roshani zake zimezibwa nusu na boti za kuokolea. Sisemi utapewa kibaya. Nasema vizuri vilikuwa na wateja kabla yako.

Kama unaugua bahari, kama mguu haukuruhusu kutembea korido ndefu, au kama umelipia chumba kilichotengenezwa kwa kiti cha magurudumu, usiweke dau kabla hujazungumza na wakala wako. Chumba kizuri cha katikati, sitaha ya tatu, kina thamani ambayo kipimo cha rangi hakiijui.

Vyumba vya kifahari vina hesabu yake. Kwa Norwegian, kwenye meli zao kubwa, kuna eneo linaloitwa The Haven, linaloingiwa kwa kadi, lenye bwawa na mgahawa wake; anayepandishwa huko anaingia kama wenyeji wengine. Hapo dau kubwa laweza kuwa na maana. Kwa Royal Caribbean angalia jina kwa makini: Junior Suite ni chumba kipana chenye jina la kifahari, ila hakifungui milango yote inayofunguliwa na Grand Suite. Pia, pointi za uaminifu, zile unazokusanya kwa kila usiku unaolala melini, Royal Caribbean huzihesabu kwa chumba ulicholipia mwanzo. Kushinda dau hakukuongezei.

Na safari yenyewe inakwenda wapi? Safari ya usiku 7 kutoka Galveston, Texas, kwenda Roatán, Costa Maya na Cozumel ina siku nzima za bahari tupu, na kwenye siku kama hizo roshani inatumika. Lakini kwenye safari ya bandari kila siku, roshani inabaki ya kuanikia nguo za kuogelea. Norwegian Dawn imewahi kufika Mombasa na Zanzibar. Meli ikiingia Kilindini asubuhi, mwenye roshani anaona upande mmoja wa mlango wa bahari. Aliyepanda sitaha ya juu na kikombe chake cha chai anaona pande zote mbili, vivuko vya Likoni vikisubiri meli ipite na watu wakipunga mikono, wala hakulipa senti ya ziada.

## Hesabu ya Mama Salma

Tuseme kuna mume na mke wanaoishi Houston, tuwaite Baba Salma na Mama Salma. Wamelipia chumba cha ndani, usiku 7, kutoka Galveston, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Salma anabaki kwa shangazi yake. Bei ninazotaja ni za mfano. Za kwako zitakuwa nyingine.

Baba Salma amekaa kochini, simu mkononi.

"Mama Salma, roshani mia na ishirini tu! Imekuwa njano. Nikisukuma mia na themanini inageuka kijani."

"Mia na themanini sote wawili?"

Anarudi kusoma. Kimya kidogo.

"Kila mtu."

"Kwa hiyo mia tatu na sitini. Na siku tunakata tiketi, yule wakala alitwambia roshani tungeongeza ngapi?"

"Mia tatu hivi."

"Na tungechagua chumba wenyewe."

Mama Salma amemaliza kazi kwa maswali mawili. La kwanza ni la mtego mkubwa kuliko yote: dau huandikwa kwa kichwa kimoja, na abiria wawili wa kwanza wa chumba wote wanalipa. Macho yanaona 180, kadi inakatwa 360. Watoto wanaolala kitanda cha tatu na cha nne kwa kawaida hawaongezwi, na hapo familia inapata nafuu. Anayesafiri peke yake haponi: Royal Caribbean humtoza kana kwamba wako wawili.

Swali lake la pili linaweka dari. Tofauti ya bei ya kawaida kati ya chumba chako na kile unachokitamani ndiyo kikomo chako cha juu kabisa, na dau la busara linakaa chini yake kwa kiasi cha kutosha, kwa sababu anayelipa bei ya kawaida amechagua namba ya chumba na wewe hujachagua. Ukikuta unakaribia dari hiyo, acha dau, piga simu, nunua chumba moja kwa moja.

Tena afadhali upige simu hiyo mapema. Royal Caribbean hutaka safari ya usiku 5 na zaidi iwe imelipwa yote siku 90 kabla ya kuondoka. Kabla ya tarehe hiyo bei hupanda na kushuka, na ikishuka unaweza kumwambia wakala akuhamishie roshani kwa kulipa tofauti. Sijui kwa nini watu wanakumbuka kufuatilia bei ya tiketi ya ndege kila asubuhi na chumba cha meli wakikilipia wanakisahau.

Dari tumeipata, sasa namba yenyewe. Weka simu chini kabisa, mbali na ule mstari wa kusogeza, na uliza swali moja: kwa sisi wawili, roshani ina thamani gani kwa usiku mmoja? Baba Salma anasema 40. Mama Salma anasema 20, maana yeye mchana atakuwa bwawani na usiku atakuwa kwenye maonyesho. Wanakubaliana 30. Mara 7 ni dola 210. Gawanya kwa wawili: 105. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, hata kipimo kikinuna kwa rangi nyekundu. Kama kima cha chini cha kampuni ni 120, basi kampuni haiuzi kwa bei yao, na mazungumzo yameishia hapo.

Wapo wanaoshauri kuweka kima cha chini daima. Si ushauri mbaya kwa mtu ambaye akipata amepata na akikosa anacheka. Lakini kama kweli unakitaka chumba na thamani yake kwako ni kubwa kuliko kima hicho, kung'ang'ania chini ni kujinyima nafasi kwa dola chache. Na usisimame kwenye namba ya mviringo. Wengi husimama kwenye 100. 105 inawapita kwa bei ya soda mbili.

Mkiingia vyumba vya kifahari, ongezeni bakshishi, yaani malipo ya kila siku ya wahudumu yanayokatwa kwenye akaunti yako ya melini. Royal Caribbean hutoza wakaaji wa vyumba hivyo dola 2.50 zaidi kwa mtu kwa siku. Kwa wawili kwa siku 7 ni dola 35, ambazo hazikuonekana popote kwenye ule mstari.

Mfumo unakuruhusu kuweka dau kwenye aina kadhaa za vyumba kwa wakati mmoja. Litakalokubaliwa ni moja tu, ila anayechagua ni kampuni. Baba Salma akiweka 105 kwa roshani na 400 kwa chumba cha kifahari "kujaribu bahati", ajiandae kuamka akiwa amekatwa 800. Kila dau unaloliacha pale lihesabu kama limekubaliwa.

Kabla hujabonyeza, jiulize:

- Nimezidisha kwa wawili, na kuongeza bakshishi?
- Chumba nilichonacho nilikichagua kwa sababu gani, na niko tayari kukipoteza?
- Roshani ninayoiomba inatazama baharini au ndani ya meli?
- Tunasafiri vyumba viwili jirani? Kila chumba kina dau lake. Kimoja kinaweza kupandishwa na kingine kibaki, na bibi akajikuta sitaha sita mbali na wajukuu.
- Kadi niliyoandika itakuwa na pesa siku hiyo?

## Kusubiri

Majibu huweza kuja wiki kadhaa kabla ya safari au siku mbili kabla, ukiwa unapiga pasi. Wanaochelewa si kwamba wamesahaulika. Kampuni inangoja ione nani ameghairi na bei ya soko imesimama wapi. Katika muda huo ingia mara moja moja uangalie. Kima cha chini kinaweza kubadilika, aina mpya ya chumba inaweza kuongezwa, na wewe mwenyewe unaweza kuwa umebadili nia. Kitu kimoja kisikubadilishe: ile barua pepe ya kukumbusha kwamba dau lako ni dhaifu na ukiongeza kidogo tu utaboresha nafasi yako. Imeandikwa kwa kila mtu.

Ukikosa, unabaki na chumba chako, kwa bei uliyoikubali, mahali ulipopachagua, na hukatwi kitu.

## Ukipata

Kadi itakatwa kwanza, mara nyingine kabla hata barua pepe haijafika. Fungua tiketi yako uone namba mpya ya chumba, kisha itafute kwenye ramani ya sitaha ya meli hiyo. Tazama kilicho juu yake na kilicho chini yake. Ukikuta ukumbi wa muziki, nunua viziba masikio kabla hujaondoka nyumbani. Vya melini ni ghali.

Ziara ulizolipia, vifurushi vya vinywaji na nafasi za migahawa hubaki kwenye tiketi yako, lakini zihakiki moja moja. Wajulishe mnaosafiri nao, maana wao watakutafuta kwenye mlango wa zamani. Kama tiketi ilikatwa na wakala, mtumie ujumbe naye ajue.

Halafu chapisha upya lebo za mizigo. Hili wengi hulisahau kwa furaha. Bandarini unakabidhi masanduku kwa wapagazi nje ya jengo, na hutayaona tena mpaka yaletwe mlangoni kwako jioni. Anayeyaleta anasoma namba iliyo kwenye lebo. Lebo ikiwa ya chumba cha zamani, sanduku litapelekwa kule, mbele ya mlango wa mstaafu wa Florida, na wewe utakwenda kula chakula cha usiku wa kwanza na nguo ulizosafiria. Kama umepandishwa siku ya mwisho na huna printa, kata namba ya zamani kwa kalamu nzito, andika mpya kwa tarakimu kubwa, umwonyeshe mpagazi kabla hajalitupa sanduku kwenye toroli.